Furaha Isiyomkimbiza Jirani

Ujumbe wa siku za Noeli na Bonane

Masomo ya kusoma nyumbani: Mithali 26:18-19, Mithali 27:14, 1 Wafalme 19:1-13, Matendo ya Mitume 2:1-12, Waroma 14:13-19

Tunawasalimu ninyi wa Ntoto, ninyi wa upande wa Masisi na ninyi wa upande wa Walikale. Tunawasalimu walio katika nyumba zao, na wale ambao usiku huu watalala katika nyumba za wengine kwa sababu ya vita.

Siku za Noeli na Bonane zimekaribia. Wamama wanahesabu franka za mchele na mafuta, watoto wanauliza habari ya viatu vipya, kwaya zinafanya mazoezi mpaka sauti zinakauka. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watasema ni dogo, halistahili mahubiri. Ni petari, yaani fataki hizi ndogo ambazo vijana wanapasua mitaani usiku wa sikukuu. Na pamoja nazo, masasi yanayopigwa hewani na wenye bunduki wakati mwaka unapogeuka.

Tuanze kwa kuungama, kwa maana hukumu ianzie katika nyumba ya Mungu.

Katika mkesha wa Bonane iliyopita, kanisa lilijaa. Kwaya ya vijana ilikuwa imemaliza kuimba. Mhubiri alikuwa amefungua Biblia. Zilibaki kama dakika kumi saa sita ya usiku itimie. Ghafla, nje ya ukuta wa mbao, tukasikia pa! Halafu pa-pa-pa! Mtu akazima taa, mpaka leo hatujui ni nani. Kanisa zima likawa chini. Wababa wakaingia chini ya mabenchi, wamama wakalala juu ya watoto wao. Hakuna aliyetoa amri. Mwili wenyewe umejifunza.

Kisha tukasikia vicheko nje, na harufu ya kiberiti ikaingia. Kijana mmoja akapaza sauti: “Bonane! Bonane!” Hapo tukajua kwamba ni petari. Tukainuka, tukapangusa vumbi kwenye nguo za sikukuu, na tukacheka. Ndiyo, wapendwa, tulicheka. Mhubiri mwenyewe alitania kidogo kuhusu mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kuingia chini ya benchi. Ibada ikaendelea. Saa sita ikafika, tukaimba, tukacheza, tukapeana mikono.

Ilipofika saa nane ya usiku, watu wakianza kutandika mikeka, tulimkuta mtoto wa miaka sita amejikunja peke yake chini ya benchi la nyuma. Mama yake hakuwepo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma tangu mlio wa kwanza, na mtoto mchanga mgongoni. Kwa muda wa saa mbili tuliimba na hatukujua kwamba ameondoka.

Tulimtafuta kwa tochi za simu, tukimwita jina lake. Baadaye alituambia kwamba alikuwa anatusikia. Hakuitika, kwa maana mtu aliyewahi kuwindwa haitiki anapoitwa gizani. Kulipokucha akapatikana ng'ambo ya mto, ndani ya shamba la mihogo, amelowa mvua. Mtoto mchanga alikuwa anatetemeka. Alilala kituo cha afya siku nne kwa ugonjwa wa mapafu. Mungu alimponya, jina lake lisifiwe. Lakini tulikaa siku nne hizo bila kujua kama tutashukuru au tutazika.

Mama huyo alikuwa Mugunga, karibu na Goma, tarehe 3 Mei 2024, wakati mabomu yalipoanguka juu ya mahema ya wakimbizi huko Mugunga na Lac Vert. Alirudi kwetu baada ya kambi za Goma kuvunjwa mwaka 2025. Sisi tuliosikia petari usiku ule tulisikia petari. Yeye alisikia Mugunga.

Na waliopasua petari zile hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Walikuwa vijana wetu. Mmoja ni mwimbaji wa kwaya, mwingine ni mtoto wa shemasi.

Wapendwa, baada ya jambo hili tulizunguka mtaani kwa wiki kadhaa, tukawauliza watu wanaonaje habari ya petari na masasi ya sikukuu. Tulidhani wote watasema neno moja. Haikuwa hivyo, na ni vizuri mwasikie wote.

Mzee mmoja alituambia: “Mimi ninajua kwamba ni sikukuu. Lakini sikio langu halijui kalenda.” Wazee wa hapa wanakumbuka soko la Ntoto mwezi wa Machi 1993. Watu walikuja kuuza na kununua, na damu ikamwagika sokoni. Chuki ile ikaenea Walikale na Masisi yote, maelfu wakafa, makabila yaliyokuwa yanaoana yakawa yanaogopana. Mtu aliyeona siku ile hawezi kusikia mlio karibu na soko na kuuliza kwanza kama ni mchezo.

Mama mmoja muuza ndizi alisema kwamba mlio wenyewe haumsumbui sana. “Kinachonitesa ni kutojua. Kama mngeniambia mapema kwamba saa fulani, mahali fulani, ningewashika watoto na kungoja. Lakini mlio usio na habari unanifanya nifunge mzigo.”

Muuguzi alisema kwamba usiku wa Bonane wagonjwa wa presha wanasumbuka, na mama mwenye uchungu wa kuzaa anataka kushuka kitandani akimbie.

Mfanyabiashara mmoja alisema: “Mimi ninauza kwa sababu wananunua. Faida ya petari mwezi wa Desemba inanilipia sehemu ya masomo ya watoto.” Hakusema uongo.

Na kijana mmoja alisema neno ambalo limekaa moyoni mwetu mpaka leo. Alisema: “Tangu nizaliwe ninasikia masasi ya watu wengine. Mara moja kwa mwaka ninataka nipasue kitu changu mimi, kitu kisichoua mtu, na watu wajue kwamba ninafurahi. Je, vita ichukue hata Bonane yetu?”

Wababa na wamama, tusilipite neno la kijana huyu haraka. Ni rahisi kwa watu wazima kusema vijana wa leo hawana adabu. Kijana huyu anataka kitu chema. Anataka mlio usio wa kifo. Tutarudi kwake.

Sasa tuseme ukweli juu ya kitu chenyewe. Petari ni baruti. Baruti ilianza nchini China zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na tangu zamani watu wameitumia kwa kazi mbili: kufurahisha na kuua. Ni unga wa ukoo mmoja. Basi tusishangae sikio likishindwa kutofautisha.

Hatusemi kwamba fataki ni dhambi. Zanzibar wanarusha fataki usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari kukumbuka Mapinduzi ya 1964. Katika miji mikubwa ya dunia watu wanasimama kwa maelfu kuzitazama mwaka unapoanza. Zinapendeza. Lakini hata mahali penye amani, watu wenye akili wameziwekea utaratibu. Uganda, jirani zetu, polisi wanatangaza kila mwisho wa mwaka ni mahali gani pamepewa ruhusa ya kurusha fataki. Na hata huko msiba umetokea. Usiku wa Bonane kuingia mwaka 2023, kwenye jengo la Freedom City mjini Kampala, watu waliotoka kutazama fataki walisongamana njiani, na watu wasiopungua 9 wakafa, watoto wakiwa miongoni mwao. Walikuwa wamekuja kufurahi tu.

Wala msidhani kwamba hofu hii ni ya watu dhaifu, au ya wakimbizi wa Kongo tu. Marekani, kila tarehe 4 Julai, wako askari waliorudi kutoka vitani ambao wanaweka kibao mbele ya nyumba zao wakiwaomba majirani wawahurumie kwa habari ya fataki. Ni watu waliozoea bunduki, wenye miili ya nguvu. Ujerumani, mwisho wa mwaka 2022, wengi waliomba fataki zipunguzwe kwa ajili ya wakimbizi wa Ukraine waliotoka kwenye mabomu. Kama mataifa yanaweza kumfikiria mgeni aliyekimbia vita, je, kanisa la Ntoto litashindwa kumfikiria mama anayeketi benchi la nyuma?

Nasi watu wa Pentekoste tuko na sababu yetu nyingine. Siku ya Mungu, tarehe 15 Januari 2023, huko Kasindi katika teritware ya Beni, wapendwa wa kanisa la Kipentekoste la 8 CEPAC walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya ubatizo. Bomu likapasuka katikati yao. Zaidi ya watu 10 walikufa, wengine wengi wakabaki na vidonda na viungo vilivyokatika. Walikwenda kuona watu wakizaliwa upya. Tangu siku ile, mtu anayepasua kitu karibu na ukuta wa kanisa katika Kivu ya Kaskazini, hata kama moyo wake ni safi, anagusa kidonda ambacho hakijapona.

Neno la Mungu linasemaje?

Katika Mithali 27, mstari wa 14, tuko na mtu wa ajabu. Anaamka asubuhi na mapema, anambariki jirani yake kwa sauti kubwa, na baraka yake inahesabiwa kuwa laana. Angalieni vizuri: mtu huyu hatukani. Hana nia mbaya. Maneno yake ni mema kabisa. Kosa lake ni saa na sauti. Hakufikiri ni nani anayelala upande wa pili wa ukuta, na amelala kwa shida gani. Basi Mungu anatufundisha kwamba nia njema haitoshi. Baraka haipimwi katika mdomo wa anayeitoa tu, inapimwa pia katika sikio la anayeipokea.

Rudini nyuma kidogo, Mithali 26, mstari wa 18 na wa 19. Hapo Neno linamfananisha anayemdanganya jirani yake na mwenye wazimu anayetupa mienge ya moto na mishale ya kifo, halafu anasema alikuwa anacheza tu. Ni mara ngapi tumesikia neno hilo? “Tulikuwa tunacheza.” “Ni sikukuu, mama, tulia.” Mchezo ni mchezo kama wote wanacheza. Kama mmoja anacheza na mwenzake anakimbia na mtoto mgongoni, huo si mchezo tena.

Sasa twende kwa Elia, 1 Wafalme 19. Tunapenda kumhubiri Elia wa Karmeli, Elia wa moto. Lakini sura ya 19 inatuonyesha Elia mkimbizi. Yezebeli ameapa kumuua. Anakimbia, anamwacha mtumishi wake njiani, anaingia jangwani, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Wangapi kati yetu wanaijua njia hiyo? Tazameni jinsi Mungu anavyomshughulikia. Hamhubirii kwanza. Anampa usingizi. Anampa mkate na maji. Anamwacha alale tena. Kisha mlimani Horebu unapita upepo wenye nguvu, halafu tetemeko, halafu moto, na Maandiko yanasema Bwana hakuwa ndani ya hayo. Baada ya moto ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Ndipo Elia akatoka pangoni.

Mungu hakushindwa kunguruma. Aliyeumba radi anaweza kunguruma wakati wowote. Lakini alijua mtu aliye mbele yake ametoka wapi. Kwa mtu aliyekimbia upanga, Mungu alichagua sauti ambayo haitamrudisha pangoni.

Hapa mpendwa mmoja atainua mkono na kusema: “Mtumishi, mnataka tunyamaze? Sisi si watu wa kimya! Zaburi ya 150 inataka matoazi ya kelele. Kuta za Yeriko zilianguka kwa kelele. Na siku ya Pentekoste yenyewe ilianza kwa mvumo!”

Amina, ni kweli. Basi someni Matendo sura ya 2 pamoja nasi, polepole. Mvumo ulitoka mbinguni kama upepo wa nguvu, ukajaza nyumba. Na watu wa mjini waliposikia sauti ile, walifanya nini? Hawakukimbilia msituni. Walikusanyika. Walikuja mbio kuona, na kila mmoja akasikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo.

Wandugu, hicho ndicho kipimo chetu. Sauti ya Pentekoste inakusanya watu, na kila mtu anaielewa. Sauti inayotawanya watu, sauti ambayo jirani anaielewa kuwa kifo, haikutoka katika chumba kile cha juu, hata kama tunaipiga kwa jina la sikukuu ya Yesu.

Na kipimo hicho kinatupima sisi wahubiri pia. Tusiwapige vijana peke yao. Baffle zetu tunazielekeza wapi usiku wa mkesha? Jenereta inanguruma mpaka saa kumi ya alfajiri, mhubiri analia katika mikrofoni, na nyumba ya jirani kuna mgonjwa. Kama jirani asiye wa kanisa letu anafunga madirisha kila anaposikia tunaanza kusifu, tumekuwa yule mtu wa Mithali 27. Tumembariki mpaka akatuona ni laana.

Sasa neno juu ya masasi ya hewani. Hapa tunazungumza kwa upole, kwa sababu wengi wanaobeba bunduki katika milima hii ni watoto wetu, kaka zetu, wengine walibatizwa katika mito yetu. Kijana wetu, sasi unalolipiga juu halibaki juu. Linarudi, na likirudi bado lina nguvu ya kuingia kichwani mwa mtu. Katika jiji la Los Angeles, Marekani, madaktari wa hospitali moja walihesabu watu 118 waliojeruhiwa na masasi yaliyoanguka kutoka juu kati ya mwaka 1985 na 1992, na 38 kati yao walikufa. Hao hawakuwa na vita na mtu. Wengine walikuwa uwanjani kwao tu. Hapa kwetu mabati ni membamba, na nyumba nyingine ni za majani. Mtoto anayelala chini ya majani hana kitu cha kumkinga. Na aliyepiga hatajua kamwe kwamba ameanza mwaka kwa kuua.

Liko na jambo lingine ambalo kila mtu hapa analijua. Mlinzi aliye gizani akisikia mlio hasimami kuuliza kama ni petari. Anaweza kujibu kwa masasi ya kweli, na wa upande mwingine naye akajibu. Petari ya franka kidogo inaweza kukimbiza kijiji kizima. Na kinyume chake pia kipo: tukizoea kusema “ni petari tu”, siku ile isiyo petari tutachelewa kuamka.

Sasa tunarudi kwa kijana wetu aliyeuliza kama vita ichukue hata Bonane yake.

Hapana, mwana wetu. Vita isichukue Bonane yako. Umeuliza vizuri. Lakini tufikiri pamoja: petari inaiga sauti ya nani? Inaiga sauti ya yule yule aliyekunyang'anya utoto wako. Katika sauti zote ambazo Mungu amezitia duniani, kwa nini tuazime furaha yetu kwa bunduki? Uko na ngoma. Uko na sauti yako, na nyimbo za babu zako za kuvuna na za kuoa. Uko na miguu ya kucheza. Mtu akisikia ngoma katika bonde letu anajua kuna watu wanaoishi, na anakuja kuona. Huo ndio mlio wako, nao hauui mtu wala haumkimbizi mtu.

Mtume Paulo katika Waroma 14 anawaambia wale wenye nguvu wasiweke kikwazo njiani mwa ndugu yao. Anazungumza juu ya chakula, lakini roho ya jambo ni hiyo hiyo. Huenda petari kwako si kitu. Umeizoea, unacheka. Vizuri, wewe ni mwenye nguvu. Basi nguvu yako ionekane katika kuiacha kwa ajili ya yule ambaye hawezi kuisikia bila kutetemeka. Mtu anayeacha haki yake ndogo kwa ajili ya ndugu yake amemfuata Yesu karibu sana.

Tumezungumza na wazee wa kanisa, na vijana wenyewe, na chefu, na tumepatana mambo haya kwa sikukuu hizi. Tunaomba makanisa mengine yanayotusikia yayafikiri.

Moja. Hakuna mkristo wetu atakayepasua petari karibu na kanisa, soko, kituo cha afya, wala mahali wanapokaa waliokimbia vita. Mzazi asiseme hakujua. Aangalie mfuko wa mtoto wake.

Mbili. Saa sita ya usiku wa Bonane tutapiga ngoma. Vijana ndio watakaoongoza. Saa na mahali vitatangazwa katika redio hii siku tatu mfululizo, na nyumbakumi watapita kila mlango, ili hata bibi asiye na redio ajue.

Tatu. Kabla ya mkesha, mashemasi watawatembelea majirani wa kanisa na kuwauliza: je, kuna mgonjwa? kuna mama aliyejifungua? Tutageuza baffle zielekee ndani, na jenereta itazimwa saa nane ya usiku. Mungu anasikia hata bila umeme.

Nne. Wafanyabiashara walio wapendwa, tunawaomba msilete tena petari. Tunajua mnahitaji kula. Kwa hiyo kanisa limepatana kununua kwenu mishumaa na biskuti za sikukuu ya watoto, badala ya kuagiza Goma. Si vema tuwazuie faida moja bila kuwatafutia nyingine.

Tano. Wenye bunduki, tunawasihi mbele za Mungu: usiku wa Bonane vidole viwe mbali na bunduki. Njooni mshike ngoma.

Tumalize na mama yetu. Vijana wale walikwenda kwake. Hatukuwalazimisha. Walikwenda watatu, na jembe, wakamlimia kipande cha shamba, kisha wakaomba msamaha. Yule mwimbaji wa kwaya alilia. Mama aliwatazama muda mrefu, akawaambia: “Ninyi hamkuwepo Mugunga. Hamkujua. Lakini sasa mmejua.” Akawapikia bugali wakala.

Tulimwomba aje tena kwenye mkesha mwaka huu. Amekubali. Ameomba jambo moja tu: aketi karibu na mlango, na mlango usifungwe. Tumemwambia ndiyo. Benchi lile la mlangoni ni lake, na yeyote aliye na hofu kama yake ana nafasi pale. Asionee haya. Na mlio wa ngoma ukianza, mtu atakayeketi karibu naye amshike mkono.

Wewe unayesikiliza, ni nani anayeishi upande wa pili wa ukuta wako? Unajua alitoka wapi? Unajua anaposikia furaha yako, anasikia nini? Kabla ya sikukuu, nenda umuulize.

Tuombe. Baba Mungu, ulimpa Elia usingizi na mkate kabla ya kumpa kazi. Wape usingizi watu wa Ntoto, wa Masisi na wa Walikale. Ponya masikio yetu ambayo yamesikia mengi. Utusamehe kwa kuwa tulicheka wakati dada yetu alikuwa anakimbia. Wape vijana wetu furaha ambayo ni yao kweli. Lainisha mikono ya wote wanaobeba bunduki, na uwarudishe kwa mama zao. Tupe Noeli ya amani na mwaka ambao mtu atasikia mlio usiku, atauliza ni nini, na jirani yake atamjibu: ni ngoma, njoo. Katika jina la Yesu tumeomba. Amina.

Mungu awabariki. Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani.